Maneno Niliyokusingizia Juu ya Mashini

New Congo, Nakivale
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mpendwa Baba mdogo Elisée,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na tante Mariette na wadogo zangu Parfait na Olga. Je, muko salama? Mgongo wako umepoa, au ungali unapanda ngazi za watu huku umejifunga ule mkanda? Baridi ya Ubelgiji imeshaanza kuuma? Sisi huku tunapumua. Ninajua kila mtu anaandika hivyo, lakini leo ninaandika neno hilo kwa shukrani kubwa, na mbele utaona sababu.

Bibi Pulchérie anatembea bila fimbo, ila wageni wakija anaichukua ili wamwonee huruma. Mvua imefika na maharage yameota vizuri kando ya nyumba. Mbuzi wetu amezaa mapacha, na mmoja amekwisha kula kitabu changu cha zaburi.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu iko. Pasta wetu anakuja kwenu kwa mkutano, nikaona nimpe barua hii. Unajua mimi kwenye simu: ninasema «ndiyo», ninasema «asante», halafu ninampa mama. Si kiburi, Baba mdogo. Maneno yanakuja mingi mpaka kwenye meno, halafu yanaketi pale. Kwenye karatasi hakuna mtu anayeniangalia.

Kwanza mashini. Tulikushukuru ilipofika ndani ya kontena la kanisa, lakini wakati ule hatukujua bado tunashukuru nini. Unakumbuka mama alivyokuwa akipika maziwa ya bosi wake, Madamu Ketty, pale Nyamityobora mjini Mbarara, kwa kuni, katika kile chumba cha nyuma. Maziwa yanashuka asubuhi kutoka Bwizibwera, na hayangoji mtu. Mama alikuwa akirudi nyumbani macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi, na watu wa kanisa walianza kunong'ona. Tangu mashini yako ilipoanza kuchemsha kwa gesi maji ya kupashia maziwa yale, macho yake yamekuwa meupe. Bibi anasema anafanana na bibi arusi, mama anasema basi mtafute bwana arusi, na wote wawili wanacheka mpaka majirani wanakuja kuuliza.

Unakumbuka pia siku ya kuifunga ukutani. Wewe ukisema Kifaransa kwenye simu, maana kazi hii ulijifunza kwa Kifaransa, kitabu chake Kifaransa, fundi Ashiraf hajui hata bonjour, na mimi katikati. Ashiraf alikuwa akiniambia, «Sista, ambia huyo muzungu yako aongee polepole.» Nikamwambia si mzungu, ni baba yangu mdogo. Akasema, «Basi ambia muzungu mweusi aongee polepole.» Nilicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilicheka mbele ya watu wa Mbarara.

Sikukuambia siku ile, lakini nilifurahi sana kutafsiri. Mtu anayetafsiri anasema mbele ya watu bila kuwa yeye anayesema. Nilijificha nyuma ya sauti yako kama mtoto nyuma ya kitenge cha mama. Ndiyo sababu nilihifadhi sauti zako zote ulizonitumia kwenye simu, na nilikuwa ninazisikiliza hata nikiwa ninachota maji. Nilijua kwa moyo kwamba tiyo, yaani bomba la mashini, iko mbili, moja ndani ya nyingine: ya ndani inatoa kilichoungua, ya nje inavuta hewa mpya. Kwamba mdomo wake ukae nje, mbali na dirisha, na mtu asiufunike. Kwamba tiyo ilale kidogo kuelekea mashini, ili maji ya ule mvuke yarudi ndani na kushuka kwenye kampira kake kadogo mpaka kwenye mfereji. Ashiraf alifanya yote hayo vizuri, nawe ulimsifu.

Sasa nikuambie kilichotokea.

Shule ilipofunga nilikwenda Mbarara kumsaidia mama. Nilifika asubuhi, akanipokea mlangoni akiwa na furaha, lakini uso wake ulikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Aliniambia kichwa kinamuuma tangu jana, na Madamu Ketty naye kinamuuma, labda malaria inazunguka mtaa. Halafu akanishika mkono akisema, «Kuya uone akili ya mama yako.»

Unajua maziwa ya kugandisha yanataka joto. Vyombo vyake vinakaa katika chumba cha pili, vimefunikwa mablanketi, na mama anaingia kila mara kuvigusa kama mtu anayegusa paji la mtoto mgonjwa. Basi mama alikuwa akiona ule mvuke mweupe unatoka ukutani na kupotea hewani siku nzima. Ulimuuma moyo. Wewe umekulia nyumba moja na baba yangu, unajua namna tulivyofundishwa. Akamwambia Madamu Ketty kwamba joto si kitu cha kutupa: «Kwetu moto hatutupake.» Madamu Ketty akapenda neno hilo. Ashiraf alikuwa amekwenda kufanya kazi Kakiika, kwa hiyo mzee Kezironi, mume wa Madamu, akaikamata kazi yeye mwenyewe. Ni askari mstaafu, mtu mwema, lakini anaomba chumvi mezani kama anayeamuru watu washike bunduki. Alichomoa tiyo kwenye ukuta wa nje, akatoboa ukuta wa kati, akaielekeza ndani ya chumba cha vyombo. Halafu, ili joto lisitoke, wakafunga dirisha kwa blanketi na kuziba chini ya mlango kwa magunia.

Mama alifungua mlango anionyeshe. Kulikuwa na joto zuri, hakuna moshi, hakuna harufu. Kuta zilikuwa zinatoa jasho. Tiyo yako ilikuwa inapumulia pale pale, Baba mdogo, kwa pua na kwa mdomo, ndani ya blanketi moja. Mama akaingia, akainama kugusa vyombo, na alipotaka kusimama magoti yake yalikataa. Alicheka. Akasema, «Angalia, nimezeeka.»

Nilimshika chini ya makwapa, nikamburuta mpaka uani. Nikarudi mbio nimezuia pumzi, nikafunga mtungi wa gesi, nikazima mashini, nikang'oa blanketi dirishani, nikaacha milango yote wazi.

Mama alikuwa ameketi chini na kutapika, lakini bado alikuwa na nguvu za kunigombeza: «Bénédicte! Unafanya nini? Maziwa ya batu itaharibika! Banifukuze kazi?»

Madamu Ketty akatoka. «Banange! Nani nazima machine yangu?» Na nyuma yake mzee Kezironi, mikono kiunoni. «Wewe musichana, nani nakupa amri? Hapa iko na mukubwa!»

Baba mdogo, walikuwa wananiangalia wote, pamoja na majirani waliochungulia juu ya ukuta. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno, yakaketi. Mzee akaanza kutembea kwenda kwenye mtungi kuufungua tena. Hapo ndipo nilipotoa simu na kuweka sauti yako, ile ya kuhusu mvuke, sauti yote mpaka juu.

Hawakuelewa neno, lakini mzee alisimama, kwa sababu ni sauti ya mwanaume mwenye kujua kazi yake. Nami nikaanza kutafsiri. Ukisema sentensi, ninasimamisha, ninaisema. Kwamba kile kinachotoka kinafanana na mvuke wa chungu, lakini si mvuke wa chungu. Kwamba ndani yake munaweza kuwa na sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoingia katika damu na kukaa fasi ya hewa. Kwamba moto ukirudishiwa hewa yake chafu unaungua vibaya, na sumu inazidi. Kwamba mtu anaumwa kichwa, anatapika, miguu inalegea, anafikiri ni malaria, analala, haamki.

Madamu Ketty alijishika kichwa chake mwenyewe. «Bambi,» alisema, «na mimi jana nakunywa Panadol.» Mzee akasema, «Lakini haina hata harufu.» Kisha akaniuliza, huku anaonyesha simu kwa kidole, «Nasema nini tena?»

Ilikuwa imebaki sentensi moja tu. Uliifunga sauti ile kama unavyofunga zote, kwa kunitia moyo mimi binti yako na kutubusu wote: «Bon courage, ma fille, bisous à tous.» Mzee alikuwa bado amesimama karibu na mtungi.

Nisamehe. Nilitafsiri hivi: «Anasema, Mzee Kezironi, ninakuheshimu kama kaka yangu mkubwa. Lakini mtu akiingiza tiyo ya mashini yangu ndani ya nyumba, nitakuja mimi mwenyewe kuichukua, na mke wa marehemu kaka yangu hatakanyaga tena pale. Nimezika kaka. Sitazika na mke wake.»

Mzee akavua kofia. Akasema polepole, «Huyo iko mutu.» Kisha akageuka, akapaza sauti kama yuko kambini: «Piga simu kwa Ashiraf! Leta gari! Huyu mama Apolline aende hospitali sasa hivi!» Na Madamu Ketty akamwambia mzee, huku anamshika mama mkono, «Kifaransa nafunga maneno mingi fasi ndogo, eh?»

Hospitalini walimwekea mama hewa ya mtungi puani, na Madamu Ketty naye. Daktari alisema tulifika kwa wakati. Nilikaa kando ya kitanda ninaangalia kifua cha mama kinapanda na kushuka, na nilimshukuru Mungu kwa kila kupanda. Rangi ilipomrudia alinivuta karibu. Halafu akasema, «Elisée alisema vile?»

Nilisahau, Baba mdogo. Nilisahau kabisa kwamba mama amesoma Kifaransa na masista. Nikamwambia hapana.

Akasema, «Nilisikia. Bon courage.» Akaanza kucheka na kile kitu puani mpaka muuguzi akaja kumkataza. Alipotulia alisema, «Siku ingine useme tena vile. Lakini useme kwa jina lako.»

Ashiraf alikuja siku ile ile. Alipoona tiyo hakufanya mzaha kwanza, alikaa chini juu ya ndoo. Kisha akamwambia mzee, «Afande, hii kitu iko na pua na mudomo. Wewe nafunika yote na blanketi kama mutu naiba kuku.» Tiyo imerudi nje, imelala kuelekea mashini kama ulivyotaka, na mbele ya mdomo wake wamejenga wavu wa waya mtu asianike nguo pale. Ashiraf hakuiwasha mashini mpaka alipokuonyesha kwenye video. Wewe ulifikiri ni ukaguzi wa kawaida, kwa sababu mama alitukataza kukutia hofu kwa simu. Joto la vyombo sasa linatoka kwenye majerikani ya maji ya moto yaliyopangwa katikati yake. Maji yanaingia chumbani, moshi hapana. Na maziwa ya siku ile Madamu aliyagawa mtaani bila kulalamika. Alisema maziwa yanakuja kila asubuhi.

Mama amepona. Amerudi kazini na anaimba. Nami ninakushukuru, si kwa mashini peke yake, ila kwa sababu ulisema mambo yote kwa uvumilivu, hata yale yaliyoonekana hayana kazi, na ulimwambia mtoto kama unayemwambia fundi.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Mzee Kezironi anataka kukupigia simu. Amekuwekea samli ya kwao kwenye chupa, pasta atakuletea, na akikupigia atakuomba msamaha kwa yale maneno makali uliyomwambia. Nilitaka kukuomba uyakubali kana kwamba ni yako. Niliandika hivyo jana, nikakichana kipande kile. Leo ninakuomba umwambie, «Mzee, zile zilikuwa maneno za Bénédicte.» Ukiona ni vizuri, mwambie pia unakubaliana nazo. Halafu kama atataka kusema na mimi, nitachukua simu, na sitampa mama.

Tunawasalimu wote. Bibi Pulchérie anambusu Olga kwenye mashavu yote mawili na anauliza kama Parfait bado anaogopa kuku. Mama anamshukuru tante Mariette kwa viatu. Mungu alinde mgongo wako, akupe watu wa kukushikia ngazi, na nyumba zote unazofungia mashini ziamke asubuhi na watu wake wote.

Mimi mtoto wako, nikupendaye sana kuliko ninavyosemaga,
Bénédicte