Picha Iliyokosekana Kambani

Dada Zuwena,

Shikamoo, na salamu za joto lisilompa mtu usingizi. Tangu nifike Unguja situlii: nikiwa Mji Mkongwe nataka kutoka, nikitoka nataka kurudi.

Leo Rukia, binti wa marehemu kaka yetu, alinipeleka mtaa wa Mpendae, kwenye darasa analofundisha watoto wadogo wasiosema. Ukutani wametundika kamba yenye picha zilizochorwa kwenye vipande vya boksi la chai: maji, choo, kimya, nyumbani. Mtoto akisumbuka, huchomoa picha ya anachokitaka.

Nilikaa, nikasimama, nikachungulia dirishani. Msichana mmoja, Nasra, akanivuta mpaka kwenye kamba. Nikachomoa maji ili kumridhisha. Akaniletea kikombe, nikanywa funda moja, nikasimama tena. Akanipokonya ile picha.

"Ami, hapa humdanganyi mtu!" Rukia akacheka. "Chagua unachokitaka."

Mkono wangu ulifika kwenye picha ya nyumba, ukarudi. Wewe ulinituma niamue kama tuhame Maskati turudi kuishi huku, na mpaka sasa sijaweza.

"Mwanangu, hapa hamna picha ya asiyejua," nikamwambia.

"Basi ichore."

Nikachora mtu aliyefungua viganja vitupu. Nasra aliitazama sana, kisha akaibana kambani pamoja na nyingine. Kabla ya kengele, watoto wawili walikuwa wameshaigombania.

Nivumilie, dada yangu. Mungu akupe afya, na magoti yako yakuruhusu kupanda ngazi.

Nduguyo akupendaye,
Seif