Harusi Niliyoigeuza Chaja

Kibanda cha video, Oli, Arua
Jumatatu

Kwako Kiden,

Huku tuko wazima. Paa bado linavuja upande wa spika.

Bado nawatafsiria watazamaji kwa maikrofoni ile komedi ya marafiki wanne wapenda kompyuta. Uliporudi kwenu Koboko, walikuwa wakigombania kiti na kuwakimbia wasichana. Sasa wamekua. Mmoja ameota kitambi, mwingine ana mtoto, na ugomvi wao ni nani aamke kumchemshia maziwa. Watu wanacheka kidogo kuliko zamani, lakini hawaondoki.

Yule mwoga, uliyesema tunafanana, mwezi uliopita alimwomba msichana wake waoane. Nikashika maikrofoni, nikasema anaomba chaja ya simu. Kibanda kizima kilicheka. Jana msichana akatokea kanisani na gauni jeupe. Mama Harriet, yule muuza chapati, akasimama:

"Swadiki! Huyu binti iko na gauni ya harusi, na wewe ulisema chaja? Unaogopa nini?"

Nikaisimamisha video. Nilirudi kwenye kile kipande cha kuomba uchumba, nikakitafsiri upya, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka.

Kiden, miaka mitatu nimekuandikia habari za paa. Ijumaa nakuja Koboko na baba mdogo Lokule. Mwambie mzee wako. Baba mdogo ndiye atakayesema. Mimi nitakaa kimya kando yake, nisije nikabadilisha neno.

Wako,
Swadiki