Wagonjwa wa Utafiti Wangu Wamehamishwa

Nakuru, Alhamisi, Februari 1953

Upepo umevuma tangu asubuhi na kutuletea vumbi jeupe la ziwani. Limeingia wodini, limeingia machoni mwa wagonjwa, hata chai ya mchana ilikuwa na ladha ya magadi. Nimechoka, lakini si kwa kazi.

Naomba nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea magonjwa ya ndani. Tangu nimalize chuo Kampala sijatamani kingine. Upasuaji siutaki. Napenda kukaa kando ya kitanda na kumsikiliza mtu mpaka ugonjwa wake ujulikane. Lakini daktari mkuu wetu, Mzungu ambaye ndiye atakayenipendekeza, aliniambia waziwazi mwaka jana, "Mkono mzuri kwa wagonjwa hautoshi. Watakaosoma maombi yako hawajakuona kazini. Watauliza umechunguza nini."

Basi nikachunguza. Kwenye shamba moja la ng'ombe wa maziwa huko Subukia, wakamuaji walikuwa wakiugua homa inayopanda na kushuka, jasho jingi na maumivu ya viungo. Kila mtu aliiita malaria, na kwinini haikufaa kitu. Mimi nilishuku maziwa mabichi. Siku zangu za mapumziko nikawa nakwenda huko kutoa damu na kuipeleka maabara. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafuata wagonjwa hao kwa muda mrefu, nijue nani anapona kwa dawa na nani homa inamrudia.

Wa kwanza kukubali sindano alikuwa Nyokabi, mama wa makamo. Wengine walisita. Siku hizi za Hali ya Hatari, serikali inapowashuku Wakikuyu wote kuwa waasi, mtu anayekuja kuuliza majina anaogopwa. Yeye alikunja tu mkono wa sweta, nao wakamfuata.

Leo majibu yake yamefika. Ni ugonjwa wa maziwa mabichi, kama nilivyofikiri.

Nilifurahi sana. Nikaomba ruhusa, nikachukua dawa, nikapanda lori la maziwa lililokuwa likirudi Subukia.

Milango ya nyumba zao ilikuwa wazi. Kuku walikuwa wakizunguka ndani.

Nyapara wa shamba, mzee Kiprono, alikuwa akikamua peke yake. "Umechelewa, daktari," akasema bila kuinuka. "Walichukuliwa juzi. Wakikuyu wote, pamoja na watoto. Serikali inawarudisha kwao."

"Kwao wapi? Nyokabi amezaliwa hapa hapa."

"Najua. Nimemjua tangu akiwa msichana."

"Alikuwa na homa?"

"Alikuwa anatetemeka. Walimshika huku na huku kumpandisha lori. Akaniambia nikikuona nikuulize damu yake ilisema nini."

Nilimweleza. Akatikisa kichwa, akaendelea kukamua.

Nikarudi mjini mpaka karibu na stesheni, mahali watu wanapowekwa nyuma ya seng'enge wakingoja treni. Askari wa mlangoni alisema hakuna anayeingia bila barua ya DC, mkuu wa wilaya. Nikamtajia jina la Nyokabi.

"Daktari," akanijibu taratibu, "kina Nyokabi hapa ni wengi. Na wengine walienda na treni ya jana."

Daktari mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya. Alisema atamwandikia DC, ingawa hatarajii jibu. Kisha akasema, "Bila kuwafuata, huna utafiti. Una mgonjwa mmoja na majibu ya damu. Wenzako wanaoomba watakuwa na makala. Tafuta shamba lingine uanze upya."

Shamba lipi? Mashamba ya bonde hili zima yanafagiliwa.

Kinachoniuma ni kwamba amesema kweli. Bila kuchunguza, hata mimi ningeiita homa ile malaria. Utafiti si pambo la barua ya maombi. Lakini sasa najua, na kujua kwangu hakujamfaa Nyokabi wala mimi.

Maombi yanatakiwa kesho. Nitayapeleka. Penye swali la utafiti nitaandika kwamba nilianza, wagonjwa wakachukuliwa. Daktari mkuu anaona maneno hayo yatanikosesha nafasi. Huenda. Sina mengine.

Jioni hii nimekaa nikiwaza nani atamwambia yule mama achemshe maziwa huko alikopelekwa. Halafu nikajiuliza kama huko kuna maziwa.