Nakshi kwenye Mpini wa Bastola

Jumapili, Agosti 2006. Sugar Land, Texas.

Joto la leo ni lile la huku kwetu, la kukulowesha ukiwa umekaa tu. Nimefungua mlango wa gereji nusu. Feni inachukua hewa ya moto upande huu na kuipeleka upande ule. Tangu asubuhi nilikuwa nimeinama mezani, nairemba bastola.

Sijakosea neno. Nairemba.

Kwa wasionijua, mimi ni mlinzi. Nalinda bohari ya friji na televisheni, lango la nyuma, zamu ya mchana. Kampuni hutoa sare na kofia, bastola kila mtu na yake. Yangu ina mpini wa plastiki, laini kama sabuni, na kwa miezi sasa inanizunguka mkononi. Alhamisi nina mtihani wa shabaha wa kurudia, maana katika ule wa wiki iliyopita nilianguka.

Lawama zote nikaitwika bastola. Nilianza kwa kuubandika mpini utepe wa mpira. Nikaja na msasa ule wa kubandika kwenye ngazi watu wasiteleze. Ukanitafuna fulana zote sehemu ya kiunoni. Nikaweka kitufe kipana cha kutolea magazini ya risasi. Nikabadilisha springi ya triga, kile kifyatulio cha kidole. Mwisho nikasoma mtandaoni kwamba kuna watu huuchoma mpini kwa chuma cha kulehemu, nukta nukta, mpaka unakwaruza na kushikika. Wao huchoma nukta tu. Mimi nikasema, kama ni kuchoma, tuchome nakshi.

Ufundi huo niliuiba. Mtaani kwetu Mombasa palikuwa na mchonga milango asiyemfundisha mtu asiye wa ukoo wake. Nilikuwa nikisimama dirishani kwake nikijifanya namngoja rafiki. Rafiki huyo nilimngoja miaka miwili. Nilipoacha kumngoja nilikuwa najua kuchora ua la petali nane bila kuinua penseli.

Mke wangu Mwanaisha, ambaye kazi yake ni kuosha na kugeuza wagonjwa hospitalini, alipita na kapu la nguo akielekea kwenye mashine.

"Ai, Baba Nasra! Hiyo bastola waipapasa kuliko mkeo."

"Inateleza."

"Yateleza, au huisikii? Sukari umepima lini?"

Nikamwambia juzi.

Sikupima juzi. Sijapima tangu Ramadhani.

Sasa niandike lile ninalolizunguka. Wiki iliyopita, kwenye uwanja wa shabaha, bastola yangu ilifyatuka kabla sijaamua kupiga. Risasi ilichimba changarawe mbele ya miguu ya Bahati, Mkongomani ninayelinda naye lango. Vumbi likamrukia mpaka magotini. Msimamizi akapiga filimbi, akanitoa nje, akanipa wiki moja niitengeneze, kisha turudie mimi na Bahati. Nikasema ni springi. Nikajilaani kwa sauti, ati fundi gani mimi, na watu wakaniamini. Mtu akijitukana mwenyewe, wengine huona aibu kumuuliza zaidi.

Bahati peke yake ndiye aliyeuliza. "Mukubwa, ni bunduki iko na shida, ama ni mukono?"

"Ni bunduki, ndugu yangu."

Springi ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kwamba kidole changu kiko kwenye triga. Nilidhani kimelala ubavuni mwa bastola.

Leo nilikuwa kwenye petali ya sita niliposikia harufu ya nyama choma. Jirani yetu huwasha jiko uani kila Jumapili, kwa hiyo sikushangaa. Nikameza mate. Nikawaza hata kama ni ng'ombe au ni ile nyingine tusiyokula.

Kisha nikaona moshi.

Kidole changu cha shahada, hicho hicho cha triga, kilikuwa kimeteremka kwenye chuma cha kulehemu na kulalia sehemu ya moto. Kilikuwa kinaiva, na mimi nikimeza mate.

Sikuruka. Hakukuwa na cha kunirusha.

Mwanaisha alinifunga bendeji kwenye sinki la jikoni. Akauliza, "Yauma?" Miaka ishirini na mbili ya ndoa swali hilo nimelijibu "hapana" kwa ubishi wa kiume. Leo nilisema hapana na ilikuwa kweli. Mikono yake ikasimama. Nikamweleza yote, mtihani, changarawe, miguu ya Bahati. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa kwenye kiti akakishika kidole changu muda mrefu, na nilijua amekishika kwa sababu nilikuwa namwona.

Alasiri nilimpigia Bahati simu. Nikamwambia nilidanganya, kwamba ulikuwa mkono. Nyuma yake nilisikia watoto wakigombana kwa Kiingereza.

"Mukubwa," akasema, "niko na batoto bane."

"Najua, wanne."

"Ulijua, na ulitaka turudi pale Alhamisi."

Alikata simu taratibu, hata hakunitukana, na Bahati ninayemjua hutukana hata lori likichelewa.

Kukicha nitakwenda kurudisha sare na kitambulisho, kisha Mwanaisha atanipeleka kwa daktari. Kuacha kazi nimeshakubali. Kazi nyingine ya mtu asiyesikia vidole sijui ni ipi, lakini nitauliza.

Lisiloniachia usingizi ni jingine. Bahati angekuwa amesimama hatua moja mbele siku ile, leo ningekuwa naandika nini hapa?

Naogopa ningeandika kwamba ilikuwa springi.