Blanketi la Mama Yangu Katika Kabati la Watu

Mpendwa Shangazi Fotini, naomba msaada wako haraka kabla hasira hazijaniamulia. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa historia, na tangu kiangazi niko mafunzo kwa vitendo kwenye makumbusho ya mji wetu, tunaandaa maonyesho ya miaka mia moja tangu wakimbizi wa Kigiriki wa Asia Ndogo walipofika huku Ugiriki, na kazi yetu wanafunzi ni kupita nyumba kwa nyumba kuomba vitu vya kale, kuwasikiliza wazee na kuandika vibao vya maelezo, na kweli kazi naipenda, wazee wananinywesha kahawa mpaka moyo unanienda mbio, ingawa mimi si wa uzao wa wakimbizi hao, wazazi wangu ni Waalbania, walivuka mlima kwa miguu mwaka tisini na moja, na tangu hapo mama anafanya usafi kwenye nyumba za watu, na mji mzima unamwita Maria, wakati jina lake ni Lumturi, kwa sababu mwajiri wake wa kwanza alisema Lumturi linamkwaza ulimi.

Mwajiri huyo, ambaye mpaka leo mama humdekia kila Jumatatu, ni Mama Evanthia, ambaye sasa ni mwenyekiti wa chama cha wajukuu wa wakimbizi, na ndiye aliyetuletea kitu kinachojivuniwa kuliko vyote, blanketi jekundu la sufu lenye kona iliyoungua, akasema bibi yake alilichomoa kwenye moto ulioteketeza mji wao wa Smirna akajifunika nalo melini, na alama ya moto ndiyo hiyo, basi Bwana Stathis, msimamizi wetu, akalitengea kabati la kioo la katikati, na mimi nikapewa heshima ya kuandika kibao chake na kukisoma mbele ya watu siku ya ufunguzi, Jumapili ya mwisho wa mwezi, sasa wiki iliyopita mama akaniletea pai ya mchicha mchana, akaliona blanketi mezani, na Shangazi, hakuuliza kitu, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ile kona, akacheka peke yake, akasema, "Na mimi nilidhani walishalitupa."

Ndipo akanisimulia kwamba blanketi lile alilifuma mama yake huko kwao Korça, Albania, yeye akalibeba mgongoni kuvuka mlima, na kona iliunguzwa na kaa la jiko majira ya baridi ya kwanza, walipokuwa wanalala kwenye ghala la masanduku ya pichi, akaitia kiraka kwa mkono wake, na mwaka wa pili sikukuu ya jina la Mama Evanthia, yaani siku ya mtakatifu wa jina lake, ilipofika, naye hana keki wala maua ya kupeleka, akalikunja akampelekea hilo, maana kwetu huendi mikono mitupu kwa mtu aliyekufungulia mlango. Nilimwendea Bwana Stathis, nikamweleza yote, akanijibu taratibu kama anayebembeleza mtoto, "Binti, blanketi zuri, hadithi nzuri, nani anaumia?" nikamwambia basi tuweke hata kona ndogo ya watu wa mwaka tisini na moja, akasema, "Wale walikuwa wakimbizi. Nyinyi mlikuja kutafuta kazi," na huyo ndiye wa kutia sahihi ripoti yangu ya mafunzo, na mama naye amenikataza kufungua mdomo, anasema kilichotolewa hakirudi, viatu vyangu vya kwanza vya shule alinunua Mama Evanthia, watu watasema fadhila ya punda ni mateke, lakini jana nimemkuta anapiga pasi huku analia, aliponiona akasema ni mvuke. Nisome uongo ule kwa mdomo wangu huu, au niumwage ukweli palepale mbele ya meya na padri, liwalo na liwe?

Binti wa "Maria"

*

Binti wa Lumturi,

Majina mengine ya barua yako nimeyabadilisha, lakini la mama yako limenishinda. Limeshabadilishwa vya kutosha. Wala usiogope, hapo mjini kwenu hakuna atakayelitambua.

Mimi ni mjukuu wa wakimbizi hao hao wa Smirna. Bibi yangu aliitwa mbegu ya Mturuki kwenye foleni ya mkate, na waliomwita hivyo walikuwa Wagiriki wenzake. Mwambie Bwana Stathis kwamba bibi yangu alipoteremka melini alitafuta kazi, akaipata ya kuchambua tumbaku. Yeye alidhani bibi alikuja kutafuta ngoma? Na akikuuliza tena nani anaumia, mjibu kwamba ni yule anayepiga pasi. Nimekasirika mpaka kahawa yangu imepoa.

Mama Evanthia simwiti mwizi. Mtu akiwasimulia wajukuu jambo lile lile kila baridi ikiingia, mwisho hulisadiki mwenyewe. Lakini alipokea blanketi akamsahau aliyelileta, na mletaji yumo humo humo ndani anamdekia sakafu. Hilo ni kosa, na viatu vya shule havilifuti.

Sasa wewe. Unataka kumwaibisha mzee mbele ya meya na padri, halafu Jumatatu mama yako aingie nyumba ile na ndoo yake? Hasira zako ni za haki, binti, lakini ukizimwaga pale, atakayedeki ni mama yako. Umemsikiliza kila mzee wa mji huo kwa kalamu na karatasi. Mama yako umemsikiliza mara moja, tena kwa bahati ya pai ya mchicha.

Anza naye. Mwambie ulimwona analia na kwamba haukuwa mvuke. Kweli, kilichotolewa hakirudi, na hakuna anayelidai blanketi; likae kwa Mama Evanthia mpaka nondo wachoke. Ila zawadi ina mtoaji, na mtoaji yu hai. Akikubali, nendeni wote wawili alasiri moja wiki hii. Mama asivae aproni. Mpite mlango wa mbele, mkae sebuleni, na kahawa aiandae mwenye nyumba. Mama yako ndiye aseme, aeleze jinsi alivyoitia kona ile kiraka. Wewe ufunge mdomo, hata kama utauma ulimi. Mama Evanthia anaweza kuwaka kwanza. Mwacheni amalize kahawa yake.

Mama akikataa kwenda, usimburute. Lakini kunyamaza ni jambo moja na kusoma uongo ni jingine, na hata yeye hajakutuma uusome. Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu wako chuoni, umweleze kisa chote kabla Bwana Stathis hajampelekea habari zako kwa upande wake, kisha umrudishie bwana huyo kibao chake. Akiandike mwenyewe, akisome mwenyewe.

Na Mama Evanthia akikubali, kama ninavyotumaini, andika hivi: blanketi hili lilifumwa Korça, likaungua kwenye ghala la pichi la mji huu, na Lumturi akalitoa zawadi kwa Evanthia siku ya sikukuu ya jina lake.

Mji wenu siutaji, ila naujua. Jumapili hiyo nitakuja. Nitasimama mbele ya kabati la katikati na miwani yangu, na mimi husoma polepole.

Shangazi Fotini