Ukurasa wa Shukrani

Yaya Nafisa mupenzi,

Mvua imetuchosha hapa Bukavu, lakini kikohozi cha Maman kimepungua. Mimi siwezi kukaa kwa hasira. Naandika nikiwa nimesimama.

Chuo kimeninyima cheo. Wanasema hakuna mémoire, ile kazi ya mwanafunzi ya kumaliza masomo, hata moja yenye jina langu kama muongozaji. Kumi na mbili nimezisahihisha, mustari kwa mustari! Kwenye jalada iko jina la professeur ninayemsaidia, peke yake. Nilimuuliza mwanafunzi wangu Ezéchiel: mbona? Akajibu kwa heshima kabisa, “Lakini Maman, nilikuweka kwenye ukurasa wa shukrani, pamoja na wazazi.”

Sasa mémoire ya mwanafunzi mwingine, Gloire, iko mezani. Nimeandika jina langu kwenye jalada, kwa wino, chini ya lile la professeur. Kesho asubuhi nampelekea professeur. Atasaini, ao alifute mbele ya macho yangu.

Mudogo wako,
Sifa