Mimi Sitapanda Meli Ile

S.L.P. 316,
Kisumu.
8 Mei 1972

Mpendwa Tata Magdalene,

Hujambo, Tata, shangazi yangu? Goti lako limepoa, au baridi ya Karatina bado inakusumbua? Sisi hapa tu wazima. Baba yuko dukani kama kawaida. Joto na mbu, wacha tu!

Barua yako nimepata, na tikiti ya gari moshi ndani. Umesema nirudi nyumbani upesi, nimsahau Ouma, kwa sababu yeye ni Mjaluo na sisi ni Wakikuyu, na tangu fujo za 1969 hakuna atakayetuelewa. Ukanikumbusha yule muuguzi wa sinema yetu ya vita, aliyemwacha mwanajeshi wake bandarini akapanda meli ili awaridhishe wazazi.

Tata, sinema hiyo imerudi! Imechakaa, utadhani mvua inanyesha humo ndani, lakini Jumamosi ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa chini. Watu wanayasema maneno kabla muuguzi hajafungua mdomo. Nilikuwa darasa la sita uliponipeleka, ukalia mpaka leso ikalowa. Nami kila inaporudi nalia.

Safari hii nilienda na Mama Rosa, mamake Ouma, aliyekuja kutoka Usenge kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kiingereza hajui hata kidogo. Muuguzi alipoanza kupanda ngazi ya meli, sote tukatoa leso. Mama Rosa akasimama, akamkemea: "Wewe! Nani amekufukuza? Shuka!" Watu wakacheka, halafu, haki ya Mungu, ukumbi mzima ukaitikia: "Shuka! Shuka!" Nikajikuta nami napiga kelele, na machozi hayakuja.

Hakushuka, bila shaka. Miaka yote hii hajawahi kushuka. Lakini mimi si mtu wa sinema, Tata. Nampenda Ouma na sitoki Kisumu. Baba alininunia sana, ila jana aliuliza kama kwa kina Ouma wanakunywa chai ya maziwa. Namjua, anaanza kulainika.

Nisalimie Mzee Hiram na Mumbi. Mungu akulinde, hasa njiani, maana tikiti yako niliirudisha stesheni. Karani alinung'unika weee, mwishowe akanibadilishia. Hii hapa ndani, inatoka Karatina kuja Kisumu. Harusi ni tarehe kumi Juni.

Wewe panda, Tata. Nitasimama pale stesheni mpaka nikuone unashuka.

Ni mimi mtoto wako mkaidi, anayekupenda kuliko jana,

Wamucii